Tuupime utafiti kabla haujawapima watoto wetu

Katika mkutano wa wazazi uliofanyika muhula uliopita katika shule moja ya msingi, mzazi mmoja wa makamo alisimama akawaomba walimu wawe wakali zaidi kwa watoto wanaosema lugha ya nyumbani wakiwa uwanjani. "Walimu wetu," alisema kwa upole, "hili si jambo la majivuno. Wataalamu wameshathibitisha kwamba mtoto anayelelewa kwa lugha mbili huchanganyikiwa akili." Makofi yakapigwa. Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa. Nami niliyekuwa nimeketi pale kama mzazi, wala si kama mhadhiri, nilinyamaza kimya, jambo ambalo limenikera hadi leo.

Makala haya ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Sikusudii kuzitetea lugha za mama, kwa maana utetezi huo umeandikwa mara nyingi na watu hodari kuniliko. Ninalotaka kulichunguza ni lile neno "wameshathibitisha". Ni wataalamu gani hao? Walithibitisha kwa njia gani? Na je, njia yenyewe waliyoitumia ingeweza kuthibitisha lolote?

Fununu hii ina mahali ilipozaliwa, au angalau mahali ilipopewa cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1923, D. J. Saer alichapisha katika jarida la saikolojia la Uingereza matokeo ya uchunguzi wa watoto wapatao 1,400 wa Wales, wenye umri wa kati ya miaka 7 na 14. Baadhi yao walisema Kiingereza peke yake, na wengine walisema Kiwelshi pamoja na Kiingereza. Kule mashambani, watoto wa lugha mbili walipata wastani wa takriban alama 10 chini ya wenzao wa lugha moja katika kipimo cha akili. Saer akahitimisha kwamba lugha mbili humtia mtoto mvurugiko wa fikira, na hitimisho hilo likasafiri mbali kuliko jina la mwenyewe. Lilirudiwa vyuoni na katika vitabu vya ualimu kwa miongo mingi.

Lakini msomaji mwangalifu hakosi kuona jambo ambalo Saer mwenyewe aliliandika. Mjini tofauti hiyo haikuwako. Watoto wa mjini wenye lugha mbili walikuwa na wastani wa 100, na wale wa lugha moja 99. Ikiwa lugha mbili ndizo zinazovuruga akili, mbona zilivuruga shambani tu na kuishia kwenye lango la mji? Saer alikuwa na jibu: kwamba mtoto wa mjini hucheza kwa Kiingereza tangu utotoni, basi mgogoro wa lugha humwishia mapema. Yamkini ni hivyo. Ila yapo majibu mengine yanayofaa vilevile. Wazazi wa makundi yale mawili walikuwa na kazi gani? Walisoma hadi wapi? Nyumbani mlikuwa na vitabu? Watoto walianza kwenda shule wakiwa na umri gani, nao walikosa siku ngapi wakati wa mavuno? Saer hakuyasawazisha makundi yake katika mambo hayo, kwa hivyo zile alama 10 zinaweza kuwa za lugha, au za umaskini, au za umbali wa shule, au za vyote kwa pamoja, na hakuna hesabu yoyote inayoweza kuzitenganisha baada ya kazi kwisha. Kosa halikuwa katika kujumlisha na kugawanya. Kosa lilikuwa katika namna utafiti ulivyosukwa kabla ya mtoto wa kwanza kuulizwa swali la kwanza.

Mwaka huohuo wa 1923, ng'ambo ya Atlantiki, Carl Brigham wa Princeton alitoa kitabu kuhusu akili ya Wamarekani, akitumia mitihani waliyofanyishwa wanajeshi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Alipowapanga wahamiaji kwa miaka waliyokaa Marekani, aliona jambo la kushangaza: waliofika karibuni walipata alama za chini kabisa, waliokaa zaidi walipata zaidi, na waliozidi miaka 20 walikaribiana na wenyeji waliozaliwa huko. Mwalimu yeyote wa lugha akionyeshwa safu hiyo ya alama atasema mara moja kwamba watu hawa walikuwa wakijifunza Kiingereza na kuizoea nchi. Brigham hakusema hivyo. Alisema wahamiaji wa miaka ya karibuni, ambao wengi wao walitoka Ulaya ya Kusini na ya Mashariki, walikuwa watu wa akili duni kuliko waliowatangulia. Mwaka uliofuata, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapunguza wahamiaji hasa wa maeneo hayo. Kitabu hicho kilichangia kiasi gani katika sheria hiyo ni suala ambalo wanahistoria hubishania, lakini kwamba hoja za aina hiyo zilikuwa hewani, hilo halina ubishi. Mwaka 1930 Brigham mwenyewe, kwa uungwana ambao si wa kawaida miongoni mwetu wasomi, aliandika makala ya kuyakana matokeo yake, na mojawapo ya sababu alizotoa ni kwamba watu waliolelewa katika lugha nyingine walikuwa wamepimwa kwa Kiingereza. Sheria ilibaki palepale.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa wanafunzi wetu hufundishwa mbinu za utafiti kana kwamba ni orodha ya adabu za mezani. Huambiwa waandike sampuli, hojaji na uchanganuzi wa data, na wakishaviandika hudhani wameshafanya utafiti. Hawaambiwi kwamba sura ya tatu ya tasnifu ndipo mahali ambapo watoto wa watu huhukumiwa.

Dhana inayohusika hapa ni ile ambayo Kiswahili chetu cha kitaaluma huiita uhalali. Sina hakika kama tulichagua vyema. Neno hili lina harufu ya mahakama na ya dini, na wanafunzi wengi hulichanganya na uaminifu wa kipimo, ambalo ni jambo jingine kabisa. Fikiria mizani ya muuza nyama ambayo kila siku, asubuhi na jioni, huonyesha kilo moja ilhali kilichowekwa ni gramu 900. Mizani hiyo ni aminifu kwa maana kwamba hairukiruki. Itakupunja kiasi kilekile Jumatatu na Jumamosi. Lakini si halali, kwa sababu haipimi inachodai kupima. (Nyama yaweza kuwa halali na mizani isiwe halali, kama wajuavyo wateja wa mabucha yetu.) Mtihani wa akili unaoweza kurudiwa mara kumi na kutoa alama zilezile bado waweza kuwa unapima Kiingereza cha mtoto, au chakula alichokula asubuhi.

Mtu aliyelipanga suala hili vizuri zaidi ni mwanasaikolojia Mmarekani Donald Campbell, katika makala ya mwaka 1957 na kisha katika kazi aliyoiandika pamoja na Julian Stanley mwaka 1963. Hao walitenganisha uhalali wa ndani na uhalali wa nje. Wa ndani huuliza: hapa tulipofanyia utafiti, je, ni kweli kwamba jambo tulilolitenda ndilo lililoleta mabadiliko tuliyoyaona? Wa nje huuliza: yaliyotokea hapa yatatokea kwingineko, kwa watu wengine na wakati mwingine? Kisha wakayataja matishio, yaani mambo yanayoweza kutoa matokeo yaleyale bila nadharia yako kuwa na ukweli wowote. Sitayapitia yote. Mwanafunzi atayapata katika kitabu chochote cha mbinu, na akiyakariri bila kuyaona katika darasa lake mwenyewe hayatamfaa kitu.

Hebu tuyaone basi katika darasa letu. Kila mwaka mimi na wenzangu husoma mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili wa isimu, elimu na saikolojia. Muundo unaopendwa kupita yote ni huu. Mtafiti huchukua darasa moja la nne, akawapa mtihani wa ufahamu mwezi wa Januari. Kisha mwalimu hufundisha kwa mbinu mpya, tuseme nyimbo au hadithi za kienyeji, hadi Julai. Mtihani hutolewa tena, alama hupanda, na sura ya tano hutangaza kwamba mbinu mpya inafaa na Wizara iipokee bila kukawia.

Alama zimepanda, sawa. Lakini watoto wale wameongeza miezi sita ya umri, na mtoto wa miaka tisa na nusu husoma vizuri kuliko wa miaka tisa hata akifundishwa na mwalimu mvivu. Tena, kama mtihani wa Julai ni uleule wa Januari, wengine wanakumbuka maswali. Tena, huenda katika miezi hiyo shule ililetewa vitabu, au mwalimu mlevi wa Kiingereza akahamishwa. Na liko tishio moja ambalo sijaona mwanafunzi akilitaja hata mara moja bila kusukumwa, nalo ni la wanaoacha njiani. Tuseme darasa lina watoto 40 na wastani wa alama 50. Kufikia Julai, watoto 8 wenye wastani wa alama 30 wamekwisha kutoweka. Baadhi walikosa karo ya vitabu, baadhi walihamia mjini, na mmoja anachunga ng'ombe. Hesabu wastani wa wale 32 waliobaki. Ni 55. Wastani umepanda kwa alama tano nzima na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno jipya. Tasnifu itasema mbinu imefaulu, ilhali kilichotokea ni kwamba maskini wameondoka.

Tishio jingine linawahusu walimu zaidi kuliko wanafunzi, nalo ni la kurudi kwenye wastani. Mtoto aliyepata alama mbaya kupindukia leo, aghalabu alikuwa pia na bahati mbaya: aliumwa na kichwa, au maswali yaliangukia mada aliyoikosa. Kesho bahati hiyo huenda isijirudie, basi atapanda hata usipomfanya lolote. Vivyo hivyo aliyepata alama za juu kabisa atashuka kidogo. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman alikutana na jambo hili alipowafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israel. Walimwambia kwamba uzoefu wao unaonyesha kuwa ukimsifu rubani kwa kutua vizuri, safari ifuatayo huharibu, na ukimkaripia kwa kutua vibaya, hurekebika. Kwa hivyo, wakasema, karipio hufunza na sifa huharibu. Kahneman aliona kwamba rubani angeshuka au kupanda vilevile hata kama mkufunzi angekuwa bubu.

Walimu wa umri wangu waelewa ninakoelekea. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na bado katika vyumba vya walimu husikika kauli kwamba kilikuwa kikifanya kazi: ukimchapa aliye mkiani, wiki ifuatayo alipanda. Alipanda, ndiyo. Aliyekuwa mkiani hakuwa na pengine pa kwenda. Mwalimu hadanganyi anaposimulia aliyoyaona kwa macho yake, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwani macho yake yamekuwa yakimdanganya kwa miaka 30 kila alipochagua wa kuchapwa kutoka mwisho wa orodha.

Dawa ya matishio mengi ya aina hii inajulikana, nayo ni kuwa na kundi la kulinganishia ambalo halikupewa mbinu mpya, na kuyagawa makundi hayo kwa kura. Kura haimjui tajiri wala maskini, haimjui mwalimu mkuu mwenye bidii wala yule anayefika saa nne. Ikipigwa kwa watu au shule za kutosha, husawazisha hata yale ambayo mtafiti hakuyafikiria.

Mfano ulio bora zaidi niujuao wa jambo hili haukutoka Chicago wala London. Ulitoka katika zilizokuwa wilaya za Busia na Teso. Huko, katika miaka ya 1990, Michael Kremer na wenzake walitaka kujua kama chati kubwa za kufunuliwa mbele ya darasa, za masomo kama sayansi na hesabu, huwasaidia wanafunzi. Kwanza walifanya kama tufanyavyo wengi wetu: wakalinganisha shule zilizokwisha kuwa na chati na zisizokuwa nazo. Shule zenye chati zilikuwa mbele kwa kiasi cha kutia moyo. Kisha wakachukua shule 178 na kuwapa chati nusu ya shule hizo bila upendeleo, wakangoja mitihani. Tofauti haikuonekana kabisa. Walipoyachapisha matokeo hayo mawili bega kwa bega mwaka 2004, somo lilikuwa bayana. Shule inayojinunulia chati ndiyo ileile yenye wazazi wanaolipa na mwalimu mkuu anayefuatilia, na hao ndio waliokuwa wakileta alama, wala si chati ukutani.

Watu hao hao walifanya jambo kama hilo kuhusu vitabu vya kiada, kuanzia mwaka 1996. Vitabu viligawiwa, nasi sote tungeapa kwamba alama zitapanda. Kwa wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu mwanzo, na mojawapo ya maelezo ya watafiti inanigusa mimi mwanaisimu moja kwa moja: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale ni lugha ya tatu, na mtoto wa kawaida hakuweza kuvisoma. Kremer alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za namna hii. Ni wanauchumi, na jambo hilo halina budi kutuaibisha kidogo sisi tunaojiita wataalamu wa lugha na wa akili ya mtoto.

Hata hivyo tusiigeuze kura kuwa hirizi. Busia si Garissa. Uhalali wa nje una hesabu zake, na sisi Wakenya tulikwisha kuzilipa kwa gharama kubwa. Mwaka 1957 jaribio la kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza lilianza jijini Nairobi katika shule za watoto wa asili ya Kiasia, likiwa na walimu walioandaliwa na zana mpya. Lilionekana kufana. Katika miaka ya 1960 mpango huo, uliojulikana kwa kifupi kama N.P.A., ulisambazwa haraka hadi shule za mashambani, ambako walimu wengi hawakuwa na mafunzo hayo wala zana hizo. Kilichofaulu Nairobi kilikuwa mwalimu, zana na Kiingereza kwa pamoja, na kilichosafirishwa kilikuwa Kiingereza peke yake. Kamati ya Gachathi ilipopendekeza mwaka 1976 kwamba lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, watoto wengi walikuwa wamekwisha kupita katika madarasa ambayo hawakuelewa kinachosemwa.

Isitoshe, liko jambo ambalo haliwezi kupigiwa kura. Hatuwezi kutupa shilingi hewani ili kuamua mtoto gani azaliwe katika nyumba ya lugha mbili. Ndiyo maana utafiti wa lugha na akili ni mgumu, na ndiyo maana nalazimika hapa kuusema vibaya ushahidi unaoupendeza upande wangu mwenyewe.

Mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walichapisha utafiti wa watoto wa miaka kumi katika shule sita za Kifaransa mjini Montreal. Tofauti na Saer, hawa walisawazisha hali ya uchumi ya familia. Matokeo yakageuka: watoto wa lugha mbili waliwashinda wenzao katika vipimo vingi vya akili. Wanaisimu tulishangilia. Utafiti huu hutajwa katika mihadhara ya utangulizi, ikiwamo yangu, kama siku lugha mbili zilipovikwa taji. Lakini kabla ya kushangilia, tutazame watoto walivyochaguliwa. Walioanza walikuwa 364. Waliobaki katika uchanganuzi walikuwa 164, kwa kuwa watafiti waliwataka ama watoto wa lugha moja ama wale waliozimudu lugha zote mbili sawasawa. Mtoto wa Kifaransa wa miaka kumi aliyekwisha kukimudu Kiingereza barabara katika Montreal ya miaka ile ni mtoto wa aina gani? Yawezekana ni mtoto aliyekuwa mwerevu tangu mwanzo, na werevu huo ndio uliompa lugha ya pili, wala si lugha iliyompa werevu. Waandishi wenyewe walikiri kwamba hawangeweza kujua ni kipi kilichotangulia. Wasomaji wao, mimi nikiwamo, hawakuwa waangalifu hivyo.

Na hadithi iliendelea. Tangu mwaka 2004 tafiti za Ellen Bialystok na wenzake zilieneza dai kwamba lugha mbili huimarisha uwezo wa kudhibiti fikira. Tangu mwaka 2013, Kenneth Paap na wengine waliorudia vipimo hawakuipata faida hiyo kwa uthabiti. Mwaka 2015, Angela de Bruin na wenzake walifuatilia ripoti zilizotolewa katika makongamano, wakakuta kwamba zile zilizounga mkono faida ya lugha mbili ndizo zilizofika majaridani kwa wingi zaidi kuliko zilizoikanusha. Basi hata mwalimu anayesoma kila kilichochapishwa anasoma kilichochujwa.

Liko tishio la mwisho ambalo kwa Mwafrika ni zito kuliko mengine: kwamba kipimo chenyewe kinapima kitu kingine. Katika miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis. Watoto walisimuliwa hadithi fupi na kuombwa wairudie mbele ya mtu mzima. Wengi walinyamaza. Mtafiti wa haraka angeandika kwamba watoto hawa wana upungufu wa lugha au wa kumbukumbu. Harkness na Super, kwa kuwa walikuwa wamekaa kijijini, walijua kwamba pale mtoto mwema mbele ya mkubwa husikiliza na kutenda, hasimami kuhutubu. Ukimya ule ulikuwa jibu sahihi kwa swali ambalo mpimaji hakujua kwamba ameliuliza.

Na huko Usenge, kando ya Ziwa Victoria, Robert Sternberg na wenzake, wakiwamo watafiti wa Kenya, waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wao wa dawa za miti shamba, yaani mti upi hutibu ugonjwa upi, ujuzi ambao kule una manufaa ya kila siku. Katika ripoti ya mwaka 2001 walionyesha kwamba waliofanya vizuri katika ujuzi huo walielekea kufanya vibaya katika msamiati wa Kiingereza. Wenzao walichunguza Wajaluo wanachomaanisha wanaposema mtoto ana akili, wakakuta maneno manne: rieko, luoro, winjo na paro. Moja kati ya hayo, rieko, ndilo lililokaribiana na kile ambacho shule hukipima. Heshima, uelewa wa mambo ya maisha na uwezo wa kujianzishia jambo havikuwa na nafasi katika karatasi ya mtihani. Wakati sisi tunabishana juu ya alama za akili za mtoto wa Siaya, lugha ya mamake ilikuwa imekwisha kuligawa neno akili mafungu manne.

Nina ombi moja kwa vyuo vyetu. Mwanafunzi akija na utafiti uliosukwa vizuri, wenye kundi la kulinganishia, wenye hesabu ya walioacha njiani, na akakuta kwamba mbinu yake haikuleta tofauti yoyote, apite. Nimewaona watahini wakimrudisha mwanafunzi wa namna hiyo "akatafute matokeo", naye, kwa kuwa ana ada ya kulipa na familia inayongoja, huenda akayatafuta hadi akayapata. Utafiti wa chati za Busia ulikuwa na jibu la hapana, na sijui tasnifu nyingi za ndiyo zilizo na manufaa kama yake.

Wiki iliyopita nilikutana na yule mzazi kituo cha matatu. Nilimkumbusha maneno yake, nikamweleza habari za Wales na zile alama 10 zilizoishia kwenye lango la mji. Alisikiliza, akauliza swali ambalo kila mzazi angeuliza: "Sasa daktari, niseme naye lugha gani?" Nikamjibu kwamba sijui utafiti wowote uliosukwa sawasawa unaomkataza kusema na mwanawe lugha anayoijua vyema, na kwamba akiletewa mmoja aulize watoto walichaguliwaje na wangapi waliondoka kabla ya mwisho. Alicheka. Akaniambia kwamba kusema kweli hana la kuamua, kwa sababu mamake mzazi alihamia kwake tangu Desemba, hajui neno la Kiingereza, na kila anapopelekwa kliniki ni mtoto huyohuyo anayemfasiria daktari.